Butili kidogo au lami nyingi? Kupunguza kelele ndani ya motokari kwa mfuko mdogo

Mwenye motokari mjini Lubumbashi anayetaka utulivu ndani hupewa ushauri wa aina mbili. Wengine humwambia anunue karatasi za butili, yaani mpira laini unaonata, zenye uso wa alumini na kufunika bati lote, sakafu mpaka paa. Wengine humwambia aachane na gharama hizo: achukue lami ya kujibandika, ile ya kuziba paa za nyumba zinazovuja, aongeze sponji ya godoro, basi. Kila upande una hoja ya kweli. Kosa lao wote ni kuanza na kitu cha kubandika kabla ya kuuliza kelele inatoka wapi.

Gari dogo likitembea mjini kwa kilomita 30 kwa saa, kelele yake kubwa ni injini, eshapema (bomba la moshi) na vitu vilivyolegea. Likivuka kilomita 50 hivi, matairi ndiyo yanatawala, na kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, mwendo ukikaribia 100, upepo nao unadai sehemu yake. Kwa hiyo dereva wa teksi anayezunguka kati ya Kamalondo na katikati ya mji hahitaji vitu vilevile anavyohitaji mfanyabiashara anayekwenda Kolwezi kila wiki. Kuna swali jingine ambalo wauzaji hawaliulizi: je, unaendesha madirisha yakiwa wazi? Kama kiyoyozi kimekufa, mwezi wa Oktoba hutafunga dirisha hata kidogo, na kelele yote itapita hapo. Pesa ya butili katika gari la namna hiyo ingefanya kazi zaidi kwa fundi wa kiyoyozi.

Kisha kuna kelele ambazo hakuna karatasi inayozitibu. Beringi ya gurudumu iliyochakaa hunguruma, na mngurumo hubadilika ukiyumbisha gari taratibu kulia na kushoto kwenye mwendo wa kilomita 60. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma hata kwenye lami laini. Pitisha kiganja juu ya kashata zake utahisi vilima na mabonde. Silenbloki za injini, yaani mipira inayoishikilia, zikipasuka, mtetemo huingia moja kwa moja kwenye bati, na usukani hutikisika gari likiwa limesimama injini ikiwaka. Anayebandika butili juu ya magonjwa hayo anaficha dalili, na beringi iliyofichwa ni hatari kwa maisha.

Baada ya hapo, fuata vumbi. Vumbi jekundu la Katanga ni kipimo cha bure ambacho mafundi wa nchi za mvua tupu hawana: mahali linapopenya, hewa inapita, na hewa ikipita sauti inapita. Uzito wa jambo hili haueleweki mpaka uone hesabu yake. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya ukuta haliruhusu ukuta huo kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki ni zege. Mlango ambao mpira wake umekauka upande mmoja unafanya kazi yote ya kubandika iwe ya nusu.

Jaribio ni rahisi. Funga mlango juu ya noti ya franka 500, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, mpira haubani hapo. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango mzima, hasa kona ya juu ya nyuma na sehemu ya chini. Wakati mwingine si mpira, ni kikamata kitasa, chuma cha kwenye fremu ambacho kitasa hushika, kilichosogea. Legeza skrubu zake, kisukume ndani milimita moja au mbili, kaza, jaribu tena. Kama ni mpira wenyewe, tafuta wa gari la muundo uleule lililofumuliwa, mradi bado unabonyea na kurudi. Ule wa mita unaouzwa bila kuangalia umbo mara nyingi ni mnene mno: mlango unagoma kufunga, au unafunga ukiacha pengo pembeni.

Angalia pia ukuta wa bati kati ya injini na abiria. Gari lililogeuzwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto mara nyingi huwa na matundu ya zamani yaliyofunikwa kwa zulia tu, na matundu ya nyaya za redio au king'ora huachwa bila mpira. Yazibe kwa kipande cha bati kilichofungwa kwa skrubu, butili chini yake. Nyuma ya bampa, kwa upande mwingine, kuna vilango vidogo vya mpira vinavyotoa hewa nje. Hivyo usivizibe: milango itakuwa migumu kufunga na vioo vitajaa ukungu wakati wa mvua. Kama vimechanika, vibadilishe, kwa sababu vumbi la nyuma huingilia hapo.

Hapo ndipo mjadala wa lami na butili unapata maana. Kazi ya vyote viwili ni moja, kuzuia bati lisitetemeke. Havizuii sauti inayopita hewani, ingawa wauzaji husema hivyo. Tabaka laini hunasa bati, alumini ya juu hulikaza, na bati likijaribu kupinda, nguvu ya mtetemo huishia ndani ya tabaka hilo ikawa joto kidogo. Ndiyo maana unene wa alumini una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Karatasi nzuri ina alumini ya takriban milimita 0.1, ile inayochanika kwa ukucha haikazi kitu.

Hoja ya watetezi wa lami ni nzuri kuliko inavyopewa heshima. Ukiinua zulia la magari mengi ya Japani utakuta viwanda vyenyewe vimeweka mabamba ya lami juu ya sakafu. Lami ni nzito, ni rahisi, na inapunguza mtetemo kwa kweli. Lakini lami ya kiwandani imetengenezwa na kuchomwa kwenye bati kwa ajili ya mahali pale, tena imelala chini, uzito wake unaishikilia. Lami ya kuzibia paa la nyumba ni jambo jingine. Lami nyingi za kawaida huanza kulainika kati ya nyuzijoto 45 na 60. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijashika. Bati la gari jeusi lililoegeshwa nje siku kama hiyo linaweza kupita nyuzijoto 70. Lami iliyobandikwa kwenye ngozi ya mlango itateleza polepole, itaziba matundu ya maji chini au itafikia reli ya kioo, na gari zima litanuka barabara mpya. Kuiondoa ni kazi ya siku nzima ya kukwangua na mafuta ya taa, na harufu hubaki.

Kwa hiyo naikubali lami sakafuni na chini ya sehemu ya mizigo, pale ilipolala. Kwenye mlango na paa naikataa kabisa, hata ikitolewa bure.

Tatizo ni kwamba lami nyingi huuzwa kwa jina la butili. Zitofautishe kwa mikono. Vuta kipande kidogo cha tabaka jeusi: butili hurefuka kuwa nyuzi ndefu kabla ya kukatika, lami hukatika mapema. Inuse, butili karibu haina harufu, lami hunuka kama barabara. Ikunje asubuhi ya baridi ya Juni; lami ngumu huvunjika. Ukiwa na muda, bandika kipande kwenye bati jeusi lililoegemezwa wima juani, chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wake, kiangalie baada ya siku tatu. Kikivuka mstari, mrudishie mwenye duka. Na pima uzito: karatasi ya milimita 2 inapaswa kuwa na takriban kilo 3 hadi 3.5 kwa mita ya mraba. Ikiwa pungufu sana ya hapo, unene ulioandikwa kwenye boksi si wa kweli. Linganisha bei kwa kilo, usilinganishe kwa idadi ya karatasi.

Sasa upande wa butili nao una chumvi yake, na chumvi hiyo ni “funika kila kitu.” Bati halitetemeki sawasawa. Katikati ya uwanda mpana, mbali na mikunjo na viungo, ndipo linapolia kama ngoma. Pembezoni limekwisha kukazwa na umbo lake. Ukifunika asilimia 25 hadi 40 ya kila uwanda, katikati, umepata sehemu kubwa ya faida. Asilimia 60 hadi 75 zinazobaki zinakula pesa nyingi na kuleta kidogo. Gonga kwa kifundo cha kidole: mahali panapolia “tang” panahitaji kipande, mahali panapojibu “tup” paache.

Kwa gari la ukubwa wa Toyota Ist au Corolla, makadirio yangu ni haya: milango minne, jumla mita ya mraba 0.9; matao ya magurudumu ya nyuma na sakafu ya mizigo, 0.8, sakafu ya mbele miguuni, 0.5, paa, 0.35. Ni kama mita 2.5 za mraba, kilo 8 hivi. Karatasi za sentimita 50 kwa 80 ni saba. Kufunika lote kungehitaji mara tatu ya hapo, na gari lingebeba mzigo wa kudumu wa kilo zaidi ya 20.

Sponji ya godoro inastahili maneno makali. Ni kweli kwamba inameza sauti kali za juu. Hakuna sababu ya kukana. Lakini sponji ya sentimita 1 haiwezi kuugusa uvumi mzito wa barabara, kwa sababu wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3. Zaidi ya hayo, hunyonya maji. Ndani ya mlango, ambako maji ya mvua hupita kila siku kuanzia Novemba, itakaa imelowa na kulisha kutu. Na ikishika moto huwaka haraka ikitoa moshi wenye sumu. Badala yake tafuta blanketi la nyuzi nzito lililoko chini ya mazulia ya magari yaliyofumuliwa: lioshe, likauke kabisa juani, uliweke chini ya zulia na nyuma ya viti, mahali pakavu tu. Mlangoni, kama lazima, tumia povu lisilonyonya maji la milimita 5 au 6.

Mpira mzito wa kuzuia sauti ya hewani, ule wa kilo 5 kwa mita ya mraba, hufanya kazi vizuri sakafuni lakini ni ghali. Wapo wanaoweka vipande vya mikanda ya mpira ya kubebea madini migodini. Mkanda wa milimita 10 una karibu kilo 12 kwa mita ya mraba. Unazuia sauti, lakini ni mgumu, haufuati umbo la sakafu, na unaweza kuja na vumbi la madini. Siupendi ndani ya gari la familia. Anayeuweka hata hivyo asiupeleke karibu na pedali: kitu chochote kinachoinua zulia la dereva kinaweza kunasa pedali ya mafuta.

Kazi yenyewe huharibika kwenye usafi. Ndani ya mlango wa gari la hapa kuna tabaka la vumbi, na butili ikibandikwa juu yake inashika vumbi, haishiki bati. Osha kwa maji na sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa alkoli mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usitumie petroli, huacha mafuta. Kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi ya msingi kwanza. Kabla ya kufungua kiti au nguzo yenye waya wa njano, ondoa waya wa betri na usubiri dakika 10, maana hizo ni njia za mifuko ya hewa. Wakati wa delestaji, umeme ukikatwa kwa zamu, huna haja ya mashine ya kukaushia nywele. Tandaza karatasi juani robo saa zitalainika. Vaa glavu, alumini hukata. Sukuma kwa roli ndogo ya mbao mpaka nakshi ya alumini ilale kabisa. Nakshi ikionekana bado, hewa imebaki chini. Matundu ya maji chini ya mlango yabaki wazi, na tundu kubwa la kufikia mota ya kioo lifungwe kwa plastiki nene inayobandukika, kwa sababu mota hiyo itaharibika siku moja.

Pesa ikitosha kidogo tu, mpangilio wangu ni mipira ya milango, kisha vikinga vya plastiki vya ndani ya matao ya magurudumu kama vimepotea (mawe ya barabara ya udongo hupiga hapo moja kwa moja), kisha butili kwenye matao ya nyuma na milango ya mbele. Paa naliweka mwisho, kwa sababu kushusha kitambaa chake bila kukivunja kunahitaji fundi mwenye subira, na kwenye gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni hairuhusiwi kubandika kitu juu ya njia ya mifuko hiyo. Lakini vipande vinne au vitano katikati ya paa, kati ya mbavu zake, hubadilisha kabisa sauti ya mvua, na kazi hiyo ifanyike Septemba, bati likiwa kavu.