Kazi Yangu ni Kupunguza Wazungu

Ukinikuta barazani Mburahati na cherehani yangu, usiniite fundi nguo. Ufundi nguo niliuacha kimyakimya, kama mtu anayetoka msibani kabla daftari la michango halijamfikia. Siku hizi kazi yangu ni kupunguza Wazungu. Mteja anakuja na suruali ya mtumba ambayo kiunoni wangeenea yeye, mkewe na mwenye nyumba wao, ananitupia mezani: "Fundi, nipunguzie." Nachukua wembe nafumua, nakata, naunga. Mzungu aliyeivaa mwanzo kama angejua alivyokonda kwa dakika ishirini barazani kwangu, angeacha kulipia mazoezi huko kwao.

Na nilijifunza kushona nguo nzima, jamani! Miaka mitatu kwa mwalimu wangu Magomeni, mwaka wa kwanza wote nikipuliza majivu ya pasi ya mkaa tu. Nikahitimu kwa kaunda suti: mifuko minne, kola imelala kama paka aliyeshiba. Leo kaunda suti nashona moja kwa mwaka, tena ya mzee anayejiandalia safari ya mwisho. Hebu piga hesabu. Shati jipya, ukiweka kitambaa, nyuzi, vifungo na mkono wangu, chini ya elfu ishirini na tano nakula hasara. Mteja anadamkia soko la Karume belo likifunguliwa, anaokota shati la buku mbili, na kwa ndani limeshonewa vifungo vya akiba! Mimi nikipungukiwa kifungo nachomoa kwenye shati la mteja mwingine. Nitashindana vipi na watu wanaotupa shati pamoja na akiba yake?

Wazee wetu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", wakiamini hakuna mwenye akili timamu anayeachana na koti zima akiwa bado anapumua. Kumbe hawajafa, wamechoka tu kuliona. Wananunua jipya mpaka kabati linakataa kufungika, la zamani wanalitia kwenye sanduku la sadaka, wanarudi nyumbani moyo mweupe. Sadaka inapimwa kwa kilo, inauzwa, inashindiliwa belo, inapanda meli, inashuka bandarini inalipiwa ushuru, na ikifika kwetu imekuwa elfu mbili haipungui. Mimi sadaka inayodai chenji nimeionea hapa hapa.

Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Dar. Enzi hizo viwanda vilitajwa kama timu za ligi: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kikafunguliwa mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kilitex, Sunguratex. Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikuwa matamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 khanga ilipangiwa foleni kama mkate, na kiwanda cha akina baba kilikosa vipuri, kikakosa umeme, ila mabosi hawakukosa magari. Kiwanda kilikuwa kinaumwa, nakubali. Lakini mwenye homa hupewa dawa. Sisi wetu tulimvua blanketi tukamfungulia dirisha. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mwaka uliofuata tukaelewana na IMF, ikawa ruksa. Mitumba ikaingia kama mgeni aliyesema nakaa siku mbili.

Baba akapunguzwa. Ndivyo walivyoiita: kupunguzwa. Akapewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata shingo. Kilinunua redio, mbuzi wawili, na daftari langu la darasa la sita. Kwa hiyo katika ukoo wetu baba alipunguzwa, mtoto anapunguza, tusiambiwe hatuna urithi. Na kile kiwanda kipo bado, kuta ni zile zile, ila sasa ni ghala. Juzi nilipita nikachungulia kuona wanahifadhi nini. Mabelo.

Neno utandawazi nililisikia mara ya kwanza redioni nikiwa napiga pasi. Sasa, bibi yangu mzaa baba, ukoko wa wali aliuita utandu. Nikaelewa kwamba serikali imetangaza utandu uko wazi, mwenye kijiko aje. Nilichekwa kijiwe kizima. Lakini kadiri ninavyozeeka naona sikukosea sana. Wali ulishaliwa, sisi tumefunuliwa sufuria lenye utandu, halafu tunaambiwa tushukuru mfuniko umeondolewa.

Mwaka 2016 nilipata matumaini, na matumaini yana gharama. Wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe polepole hadi ifikapo 2019 iwe imekwisha. Mimi huyo, mbio kikoba, nikakopa nikanunua ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi. Nikamwambia Mama Zawadi, "Sasa Watanzania watavaa mikono yangu." Kumbe kule Marekani wakusanyaji wa nguo kuukuu walishakwenda kushtaki kwa serikali yao kwamba ajira zao zitapotea. Ajira za kufunga nguo kuukuu! Baba alipopunguzwa alimshtakia nani, mbuzi? Tukakumbushwa kuna ile AGOA, sheria yao ya mwaka 2000 ya kutuachia tuingize bidhaa kwao bila ushuru, na kwamba mwenye kukataa mitumba anaweza kuikosa. Kenya wakarudi nyuma mapema, sisi na Uganda tukafuata. Rwanda peke yao ndio waliokaza. Walikuwa wamepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na mwaka 2018 Trump akawafungia nguo zao ule mlango wa bila ushuru. Mimi Marekani sijawahi kupeleka hata kifungo, lakini ovaloki yangu ndiyo iliyoadhibiwa. Leo binti yetu Zawadi anafanyia juu yake kazi za shule.

Na nikwambie aibu yangu: siku ile niliposikia mitumba haifutwi tena, nusu ya moyo wangu ilishukuru. Ningempunguza nani? Barazani pananuka mitumba, watoto wamesoma kwa mitumba, hata shati nililovaa ninapolalamika ni la mtumba. Shirika la viwango, TBS, walipopiga marufuku nguo za ndani za mtumba niliunga mkono, kwa kuwa hizo hakuna aliyekuwa akiniletea nipunguze.

Nikifumua nasoma lebo, nyingi zimeandikwa Bangladesh. Mshono unamjua mtu. Huu wa kwao umenyooka, umekimbizwa, na kwapani umefungwa na mtu mwingine kabisa, kwa maana pale mmoja anashona kola kutwa nzima, mwenzake mkono wa kushoto. Hajui shati, anajua kola. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, liliporomoka. Nyufa zilionekana jana yake. Benki iliyokuwa chini ikawaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji wa ghorofa za juu wakaambiwa wapande wakashone. Walikufa zaidi ya 1,100. Mafundi wenzangu. Siku hizi nikikutana na kola yao siifumui kwa hasira kama zamani.

Nikirudi mtaani kwetu: mvua ikinyesha, Mto Msimbazi unatuletea nguo zisizouzika. Belo halichaguliwi likiwa limefungwa, unanunua gizani. Ukifungua, robo ni soksi za mguu mmoja na makoti ya theluji. Theluji Mburahati! Yanatupwa mtoni, na kwa kuwa ni poliesta hayaozi, yanaziba makalvati, maji yanaingia vyumbani. Kwenye mafuriko ya mwaka 2011 wenzetu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Na shati moja la pamba, wataalamu wanakadiria, hunywa lita 2,700 za maji mpaka likamilike. Ndoo 135! Bomba langu likitoa ndoo tatu namwita jirani aje aone.

Pamba yenyewe analima mjomba wangu, Meatu, mkoani Simiyu. Analima, anapalilia, anachuma, anapeleka AMCOS, chama chao cha ushirika, halafu anakuta bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, imeshatangazwa, na bei dira inatazama soko la dunia, na soko la dunia halijawahi kumtazama mjomba. Pamba yetu sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Inafumwa Asia, inavaliwa Ulaya, inachujuka, inarudi. Shati limezunguka dunia bila viza. Mimi Zanzibar kwenyewe nasimuliwa. Ndiyo maana wakulima wengine huinyunyizia pamba maji na mchanga ili iwe nzito kwenye mizani. Ni dhambi, najua, ila na ile mizani nayo haijaokoka.

Mwezi uliopita mjomba alikuja Dar kutibiwa macho. Shikamoo, marahaba, akatoa shati alilonunua mnadani Mwanhuzi. Pana, lingemfunika yeye na ng'ombe wake. Lebo: pamba tupu. Akalisugua kati ya vidole, akanusa, akasema, "Hii inaweza kuwa yangu." Kisha: "Nipunguzie, mpwa."

Nikapunguza. Nikamwambia elfu mbili.

"Elfu mbili? Si karibu kilo mbili za pamba hizo? Mjomba wako kabisa?"

"Ndiyo bei dira, mjomba."

Hakujibu. Akafungua kiroba alichokuja nacho, akanipimia choroko za kutosha, nzito kweli, nikaona nimepata mimi. Jioni Mama Zawadi alipozipepeta, nusu ya ungo ilikuwa mchanga.