Kamongo Hakufa

Rafiki yetu mmoja ni mzaliwa wa Mombasa, na tangu alipohamishiwa kazi Kisumu hajatupa nafasi ya kusahau jambo hilo. Ukimwalika kula ngege wa kukaanga na ugali, anamgeuzageuza samaki kwa kidole kama daktari anayetafuta uvimbe, kisha anauliza mbona hana ladha ya chumvi. Ziwa Victoria lote hilo, analiita "dimbwi lenu". Tukambandika jina la Baharia. Alilipokea kwa uzito kabisa, akidhani ni heshima.

Aliporudi kutoka likizo alishuka basi na nazi, mbuzi ya kukunia na upawa, akatangaza kwamba Jumamosi tutakula samaki wa kupaka. Tena samaki wa kuvua wenyewe. Wa kununua sokoni, alisema, ni wa makarani. Mimi ni karani. Nikanyamaza.

Mzee mwenye boti pale Dunga alikuwa ametuonya tufike kabla ya jua kuchomoza. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu, lakini mchana hugeuka, ukaja kutoka ziwani ukiyasukuma magugu maji yote hadi ufuoni. Tulifika saa tatu. Baharia alikuwa ametuzungusha soko la Kibuye akinusa ndimu mojamoja. Mzee akatutazama, akayatazama maji, akavuta kamba ya injini bila neno. Pesa alikuwa ameshapokea.

Tulikuwa watatu ukimtoa mzee: mimi, Baharia, na mwalimu wa bayolojia ambaye ukimwomba hata kalamu anakuuliza umejaribu kuitafuta wapi. Tukatia nyungunyungu kwenye ndoano, tukangoja. Tulipata fulu, tena fulu, halafu fulu mwingine mdogo zaidi, samaki ambao paka mwenye heshima zake angewarudisha. Baharia akaanza kulaumu chambo, akaja kulaumu boti, akamalizia kwa kulaumu maji.

Ndipo uzi wake ukavutwa.

Akavuta, ukavutwa, akasimama, boti ikalala upande. Mwishowe kikapanda kitu kirefu karibu mita moja, cha kijivu, kinachojinyonganyonga. "Mkunga!" akapiga kelele Baharia, akidhani ni yule samaki wa kwao mwenye umbo la nyoka. "Hata huku mna mkunga!"

"Kamongo," akasema mzee, huku akipandisha miguu yake yote miwili juu ya ubao. Sisi wengine miguu yetu ikabaki chini, maana hakuna aliyetueleza sababu. Mzee akachukua rungu, akampiga kichwani mara kadhaa. Akatulia. Mzee akachomoa kisu ili akate kichwa palepale, na hapo Baharia akamshika mkono.

"Hapana, mzee wangu. Kwetu kichwa ndicho utamu."

"Huyu si wa kwenu, kijana."

"Samaki ni samaki."

Mzee akarudisha kisu alani, nasi tukamtia kamongo kwenye gunia.

Kurudi ndiko kulikotutoa jasho. Magugu maji yalikuwa yamefunga ufuo kijani kibichi, ungedhani ni kiwanja cha mpira. Mizizi ikajisokota kwenye panga la injini, ikazima. Tukayavuta kwa mikono, tukasukuma kwa kasia, jua likitukaanga utosi. Baharia, ambaye asubuhi alikuwa ametuambia ziwa halina mawimbi ya kumtisha mwanamume, alilala chali akiomba ndimu anuse. Vijana wa boti nyingine wakaturushia kamba, wakatuburuta hadi nchi kavu wakicheka. Muda huo wote gunia halikutikisika hata kidogo.

Nyumbani kwangu jiko la makaa lilikuwa tayari. Mama mwenye ploti, aliyesikia harufu ya vitunguu, akaja "kusalimia tu" akiwa na sahani yake. Akatupia jicho gunia.

"Mmevua nini?"

"Kamongo, mama."

"Kichwa mmekata?"

Tukamtazama Baharia. Yeye alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mwisho, sufuria ya tui iko miguuni pake, anaimba. Akajibu bila kuinua uso, "Kichwa ndicho utamu, mama."

Mama akavua kandambili moja akaishika mkononi. Gunia likakohoa.

Sijui mtu husimamaje juu ya meza akiwa bado amekalia mbuzi, lakini Baharia aliweza. Kamongo alitoka taratibu, bila haraka, kama mpangaji anayeijua nyumba, akaelekea moja kwa moja kwenye sufuria ya tui na kuipindua. Nikamzuia kwa upawa. Akauma upawa, ukalia kwaa, nikabaki na mpini. Hapo nikaelewa habari ya mzee na miguu yake.

Mwalimu, kutoka juu ya ndoo aliyoifunika, akaanza somo. Kamongo ana mapafu, akasema. Hupanda juu kuvuta hewa, na ukimzuia ndani ya maji atakufa maji. Ziwa likikauka hujizika kwenye tope, akaishi humo miezi na miezi.

"Ulikuwa unayajua haya tangu kule botini?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeinua mkono."

Mama mwenye ploti alimmaliza kwa mchi wa kinu changu, akakata kichwa, akatuamuru tukae kando. Tui lilikuwa limeshaingia chini ya kabati, kwa hiyo hapakuwa na cha kupaka. Akamkatakata, akamkaanga. Ana mafuta huyo samaki! Tulikula na ugali na sukuma, na Baharia akaongezewa mara mbili, ingawa alikula akiwa amekunja miguu juu ya kiti. Kichwa alikichukua mama, akidai ni fidia ya kelele.

Tulipokuwa tunaosha sufuria tukamsikia Baharia nje, yuko kwenye simu na kwao.

"Shikamoo mama. Salama. Tumetoka kuvua... Eeh, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Papa, mama. Papa mkubwa."

Kimya kidogo.

"Ziwani, ndiyo... Mama? Mama, netiweki inakatika. Haloo?"