Willy Loman harudi nyuma

Shuleni tulifundishwa kwamba mwandishi akikupeleka kwenye yaliyopita, hiyo ni mbinu rejeshi. Wengine wakaiita kisengerenyuma. Taja jina, toa mfano, chukua alama zako. Nimeisoma tena Death of a Salesman, tanzia ya Arthur Miller, na naona jina hilo halimfai Willy Loman, muuzaji mzee ambaye ndiye mhusika mkuu, hata kidogo. Willy harudi popote. Yaliyopita ndiyo yanayomfuata mpaka jikoni kwake, Brooklyn, yakaingia bila hodi.

Miller aliwahi kufikiria kuuita mchezo huu "Ndani ya Kichwa Chake". Ulipopanda jukwaani Broadway, Februari 1949, Jo Mielziner aliusanifia nyumba ya fremu tupu, unaona hadi ndani. Kanuni ni moja tu. Mambo yakiwa ya leo, waigizaji wanaheshimu kuta ambazo hazipo na wanapita mlangoni. Yakiwa ya zamani, wanapita ukutani. Hakuna anayekutangazia mwaka. Unaona mguu umevuka pale penye ukuta, unajua mzee keshaondoka.

Kinachonikamata mimi ni soksi. Willy anajikumbusha enzi zake za raha: wanawe bado wadogo, gari linang'arishwa, mkewe Linda anamwambia hakuna mwanamume mzuri kama yeye. Mara kicheko cha mwanamke mwingine kinasikika gizani. Anajitokeza, anavaa, anamshukuru Willy kwa soksi ndefu alizompa. Kicheko chake kinaungana na cha Linda, mwanga unarudi jikoni, na Linda amekaa anashona soksi zake mwenyewe kwa sababu mpya ni ghali. Willy anazinyakua. Hataki mtu ashone soksi ndani ya nyumba hii, zitupwe!

Linda hajui kosa lake ni lipi. Sisi tunajua, na Willy hajakiri neno. Alikwenda kuchota raha, akatoka na aibu mkononi.

Kisa chenyewe tunakipata baadaye sana, na tazama kinamkuta wapi: chooni, mgahawani, wanawe wakiwa wamemwacha na kuondoka na wasichana. Biff, mwanawe mkubwa, alikuwa amefeli hesabu, akamfuata baba yake Boston amsaidie, akamkuta hotelini na yule mwanamke. Analia kwamba baba amegawa soksi za Mama. Hapo ndipo zile soksi za jikoni zinapouma mara ya pili. Wapo wanaosema Willy ni kichaa tu. Sikubali. Aliyerukwa na akili asingejua ni soksi zipi za kuogopa.

Halafu kuna kaka yake, Ben, aliyeingia msituni ana miaka 17 na kutoka ana 21, tajiri wa almasi. Msitu huo ni Afrika, na alifika huku kwa kupotea njia akienda Alaska. (Ukiguna hapo nakuelewa, bara zima limekuwa shimo la mtu kuokota mali.) Ben haingii kama kumbukumbu ya kawaida. Willy anacheza karata na jirani yake Charley, Ben anatokea, na Willy anawajibu wote wawili kwa wakati mmoja. Charley haelewi anajibiwa nini, mwisho wanagombana kuhusu karata.

Kufikia usiku wa mwisho, Willy yuko nje anapanda mbegu kwa mwanga wa tochi, anajadiliana na Ben kuhusu bima ya dola 20,000 itakayolipwa akifa. Ben ambaye siku zote alikuwa wa jana, sasa anashauriwa juu ya kesho. Sijui tuendelee kuiita kumbukumbu kwa sababu gani.

Baada ya gari kuondoka kwa kasi, Willy akienda kujiua nalo, Linda anatokea na nguo za msiba na kifungu kidogo cha waridi. Wanawe, Charley na mwanawe Charley, Bernard, wapo naye. Wanaelekea kaburini, na safari hii ni wao, walio hai, wanaopita katikati ya ukuta wa jikoni.