Sikunywa asidi, acheni uzushi

Aya nyie, kuna mtu (anajijua) ameshawarushia voisi kwenye grupu kwamba nimekunywa asidi nikakimbizwa hospitali na bodaboda. Sikunywa asidi. Nilikunywa kitu kingine, tulieni.

Kisima chetu cha shamba hapa Usa River ni vile vya Arusha mnavyovijua, maji yana magadi balaa, pH (kipimo cha uasidi, ikishuka ndo asidi imezidi) inapita 8, kwa hiyo tunatia asidi ya naitriki kidogo kwenye tangi mpaka ishuke kwenye 6 hivi. Sasa juzi ikaja kokopiti mpya (ule unga wa makumbi ya nazi) ya kusia miche ya nyanya, na kokopiti ikiwa mpya ina chumvi, unaiosha weee, unakinga maji yanayotoka chini unapima EC, yaani kiasi cha chumvi, ikisoma chini ya 1 ndo unasia. Maji yenyewe yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi. Shikeni hapo kwenye rangi.

Saa saba mchana, jua kali, nimekinga sampo yangu ya maji hayo kwenye chupa ya nusu lita, haina lebo (najua, msinianze), nimeiweka juu ya meza ya pampu. Pembeni yake ukwaju wangu wa mama ntilie, ambaye naye anapaki kwenye chupa hizohizo. Nikavuta chupa nikapiga mafunda matatu. Nikawaza, leo mama sukari kaionea huruma, halafu chumvi ya nini tena? Ila kiu bana, nikaongeza mawili.

Nikaenda kupima. pH 2.9.

Jamani 2.9! Hapo mizizi inaungua mchana kweupe. Nikajua pampu ya asidi imekwama inamwaga tu, nikafunga valvu zote mbio, nikaandika kwenye grupu la kazi kwa herufi kubwa MSIMWAGILIE, na bosi akaja, ila hakuja peke yake, alikuwa na wageni nane wa kikundi cha wakulima wamekuja kujifunza.

Nikajifunza nao. Nikawapa somo kabisa, nikawaambia pH ikishuka kutoka 6 hadi 3 asidi imeongezeka mara elfu, siyo mara mbili, wakawa wanaandika kwenye madaftari. Bosi akasema kwanza kalibreti mita. Nikachukua bafa (maji maalumu ya kuhakikishia mita) ya pH 7, ikasoma 7. Ya 4, ikasoma 4. Nikamwangalia bosi kwa lile jicho la "umeona?" Nikasuuza kichwa cha mita, nikakizamisha mbele ya macho yote yale. 2.9. Mgeni mmoja akasema duh.

Sasa kuna mzee wetu wa pampu, haongeagi. Akasogea, taratibu. Akainama kwenye kikombe cha sampo. Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena, akafumba macho kabisa kama anakumbuka harusi yake.

"Kijana wangu," akasema, "hii ina iliki."

Kimya. Nilisikia dripu ikidondoka, na valvu nilishazifunga, sijui ile dripu ilitoka wapi. Bosi akachovya kidole akalamba. Akachovya tena (alikuwa hajala mchana). Kisha akauliza kwa upole ule unaotisha, "Na sampo iko wapi?"

Macho yote kumi na kitu yakageuka mezani, polepole, kama feni mbovu. Pale kuna chupa moja, imebaki robo. Na mimi ulimi ukaanza kunikumbusha ile ladha, yale mafunda matano, moja moja, na kitu kama nyuzi za nazi kwenye meno ambacho mchana mzima nilidhani ni nyama ya ukwaju. Mama mmoja wa kikundi akauliza eti, "Kwani mtaalamu huwa anaonja pia?" na NAAPA akashika kalamu aandike.

Basi, robo iliyobaki ikapimwa: pH 6.2, EC 2.8, yaani asidi haina tatizo ila kokopiti ioshwe tena. Valvu nikafungua, tumbo lilinguruma usiku tu, hospitali sijaenda, bodaboda sijapanda. Chupa za sampo sasa zina plasta nyekundu, agizo la bosi.

Leo nimeenda kwa mama ntilie kichwa chini, nikaomba ukwaju. Akaniuliza wa kunywa au wa kupima.