Mchoro mmoja, madirisha mengi

Kampuni ya William Morris, iliyoanzishwa London mwaka 1861 na kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi ya makanisa, bado inalaumiwa kwa jambo moja. Malaika aliyechorwa na Edward Burne-Jones, mchoraji wa kampuni hiyo, unamkuta dirishani katika kanisa hili, halafu unamkuta tena, mkao uleule, katika kanisa la mbali kabisa. Wakosoaji wanasema hiyo ni biashara ya kiwandani: waumini walichanga wapate dirisha lao, wakapewa la wenzao.

Nadhani wanaosema hivyo hawajaitazama michoro yenyewe. Burne-Jones alichora kwa makaa, kwa ukubwa uleule wa dirisha, na michoro yake mingi haina rangi wala mistari ya risasi, ile metali inayoshikanisha vipande vya kioo. Utaona mikunjo ya joho, shingo iliyoinama, vidole. Joho ni jekundu au la kijani? Mchoro hausemi. Risasi hiyo ipite wapi? Ikikatiza shavuni, uso umeharibika; ikifuata upindo wa joho, hata huioni. Hayo yote aliachiwa Morris na mafundi wake, pamoja na kutia vivuli kwenye kioo na kukichoma tanurini. Mchoro uleule uliporudi mezani, maswali hayo yalirudi nao. Shairi moja likighanwa kwa mahadhi mawili, nani atasema amesikia kitu kilekile? Tena mchoro uliokwisha kulipiwa ulilipunguzia gharama kanisa lisilo na uwezo.

Ni kweli kwamba mchoro uliotungiwa ukuta wake una nguvu ya pekee. Nenda St Philip's, Birmingham, kanisa alikobatiziwa Burne-Jones mwenyewe. Katika dirisha la Hukumu ya Mwisho, la mwaka 1897, mji unaporomoka katikati, Kristo juu, umati chini. Huwezi kulihamisha.

Lakini lawama nzito zaidi, na hii naikubali, inahusu miaka ya baadaye. Morris alifariki mwaka 1896, Burne-Jones mwaka 1898, na kampuni ikafungwa mwaka 1940. Kwa miaka 42 michoro ya marehemu iliendelea kutumika, na aliyeichora hayupo, wala yule aliyejua kioo kipi kiingie wapi. Madirisha mengi ya kipindi hicho yamepooza. Karatasi zilikuwa zilezile.