Sirosisi isiyo na chanzo: tuendelee kutafuta, au tutibu kilichopo?

Sirosisi ni hatua ambayo makovu yamechukua nafasi ya sehemu nzima za ini, damu ikawa inapita humo kwa shida na ini likaanza kushindwa kazi zake. Mara nyingi chanzo hujulikana: pombe, virusi vya homa ya ini aina ya B au C, au mafuta kwenye ini. Lakini wapo wagonjwa ambao vipimo vyao vyote vimerudi bila jibu. Hao huandikiwa "chanzo hakijulikani", na hapo ndipo madaktari wenyewe hugawanyika.

Kuna wanaosema maneno hayo ni ya muda tu, na historia inawaunga mkono. Kabla ya mwaka 1989 kirusi cha homa ya ini aina ya C kilikuwa hakijatambuliwa. Waliokuwa nacho hawakuwa na namna ya kupata jibu, hata wangepimwa mara ngapi. Mwanasayansi Michael Houghton na wenzake walipokitambua, kundi la "wasiojulikana" likapungua. Mwaka 1980, daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walikuwa tayari wameeleza habari za wagonjwa ambao ini lao, chini ya hadubini, lilifanana na la mlevi ilhali hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanene, na baadhi yao walikuwa na kisukari.

Ugonjwa walioueleza, wa mafuta kwenye ini, una hila moja inayoeleza mengi. Makovu yanapozidi, mafuta hupungua, na ini likifikia sirosisi yanaweza kuwa yametoweka kabisa. Mtaalamu anayechunguza kipande cha ini anakuta makovu matupu, mhusika ameshaondoka. Ushahidi mwingine umetoka kwa waliopandikizwa ini: baadhi ya waliokuwa na sirosisi isiyojulikana chanzo huanza tena kuota mafuta, safari hii kwenye ini jipya. Ndiyo maana wapo wanaotaka kila mwenye sirosisi ya aina hii, akiwa na kisukari au historia ya unene, ahesabiwe moja kwa moja kuwa ni mgonjwa wa mafuta kwenye ini.

Nakubali kwamba kwa wengi watakuwa wamepatia. Ninachokitilia shaka ni haraka yenyewe. Sirosisi inaweza kuleta kisukari, kwa sababu ini bovu huvuruga namna mwili unavyotumia sukari. Kwa hiyo kisukari kilichoonekana mwaka huu hakithibitishi kitu. Kilichokuwepo miaka mingi kabla ya ugonjwa kina uzito zaidi. Mizani nayo hudanganya. Tumbo lililojaa maji huongeza kilo, huku misuli inayoyeyuka ikizipunguza, na mtu aliyekuwa mnene sana anaweza kufika kliniki akiwa amekonda. Afadhali aulizwe alivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Tena kuna magonjwa yanayojificha vizuri kuliko mafuta. Kinga ya mwili inaweza kulishambulia ini kwa miaka kisha ikapoa, kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza, zisionekane tena kwenye damu. Kirusi cha B kinaweza kubaki ndani ya ini ilhali kile kipimo cha kawaida, kinachotafuta antijeni (protini) ya ganda la nje la kirusi, kinasema hakipo. Anayepima pia kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi hupata fununu, na akipima vinasaba vya kirusi chenyewe anaweza kukinasa. Na pombe? Mgonjwa anaweza kuficha, ni kweli. Ila asiyekunywa naye huishi na minong'ono ya watu waliokwisha kuamua kwamba sirosisi ni ya walevi tu. Kipimo cha damu kinachoonyesha unywaji wa wiki chache zilizopita humtendea haki, ingawa hakisemi lolote kuhusu miaka ya nyuma.

Upande wa pili una hoja nzito: chanzo kijulikane kisijulikane, sehemu kubwa ya matunzo haibadiliki. Ultrasaundi kila baada ya miezi 6 kuwahi saratani ya ini, uangalizi wa mishipa ya koo la chakula isije ikapasuka, chanjo za homa ya ini A na B kwa asiye na kinga, kuacha pombe kabisa, kuepuka dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Hakuna kinachopaswa kusubiri jibu la maabara. Kukata kipande cha ini kwa sindano ili kichunguzwe nako kuna hatari ya kuvuja damu, hasa kwa mwenye maji tumboni, na kipande hicho ni takriban sehemu 1 ya 50,000 ya ini zima. Kwa mzee mwenye kisukari cha miaka 20 na vipimo vya damu visivyoonyesha kingine, sioni sababu ya kumchoma sindano hiyo ili tu faili lipendeze.

Kijana asiye mnene wala mwenye kisukari ni habari nyingine kabisa. Kwake msako uende mpaka mwisho, kwa sababu yanayowezekana yana tiba: shaba iliyorundikana katika ugonjwa wa Wilson hutolewa kwa dawa, chuma kilichozidi hupunguzwa kwa kutoa damu, kinga iliyoasi hutulizwa kwa prednisolone. Na jibu lake si lake peke yake. Ugonjwa wa Wilson hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa nao, na huenda ini la ndugu huyo bado halijaanza kuota makovu.