Karama yako muulize uliyemhudumia

Msimu wa semina za karama, yaani vipawa ambavyo Roho Mtakatifu humpa kila mwamini, umefika tena. Kwenye sharika nyingi za mjini utaratibu wake tunaujua: mwezeshaji anakuja na projekta, tunasoma Warumi 12 na 1 Wakorintho 12, kisha kila mmoja anagawiwa fomu ajipe alama. "Ninafurahia kuwafundisha wengine", sifuri mpaka tatu. "Watu hunifuata ninapoongoza", sifuri mpaka tatu. Unajumlisha, unapata karama yako, unaipiga picha fomu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Fomu za namna hii zilianza kushika kasi Marekani miaka ya 1970, na zimetufikia zikiwa zimefasiriwa vizuri tu. Sina ugomvi na anayezijaza. Ugomvi wangu ni na wazo linalozibeba, kwamba karama imejificha ndani yangu na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuiona.

Tazama matokeo yake. Vijana karibu wote wanatoka na karama ya uongozi. Wazee wa kanisa wanatoka na hekima. Akina mama wanatoka na ukarimu, hata yule ambaye jirani hajawahi kuonja chai yake. Mtu akijijazia fomu anajaza anavyotamani kuwa. Hilo si dhambi, ni ubinadamu, ila halitusaidii kujua nani amepewa nini.

Mimi naona hivi: wa kwanza kuijua karama yako ni yule aliyepata nafuu kwa sababu yako. Wewe mwenyewe mara nyingi unakuwa wa mwisho, kwa kuwa kinachokujia kwa wepesi hukihesabu kuwa ni kitu. Unadhani kila mtu anaweza.

Chukua habari za Dorkasi wa Yafa, Matendo ya Mitume sura ya 9. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anamwita mwanafunzi, lakini hatuambii alijaliwa karama gani, wala hatuna neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Ameugua, amekufa, wamemwosha na kumlaza orofani, Petro ameitwa haraka kutoka Lida. Petro anapopanda anawakuta wajane wamesimama wanalia, "wakilia na kuzionyesha zile kanzu na nguo" alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Basi. Kwenye misiba yetu husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alishika nyadhifa gani. Pale Yafa hakuna aliyesoma kitu, wajane walionyesha nguo. Huwa najiuliza, kama Dorkasi angepewa ile fomu yetu, angejipa alama tatu kwenye kipengele gani? Kushona hakumo hata kwenye orodha.

Na hapo ndipo orodha zetu zinapopungukiwa kuliko Biblia yenyewe. Kwenye Kutoka 31 Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge miti. Msaidizi wake, Oholiabu, anatoka kabila la Dani. Hawa ni mafundi. Leo fundi seremala akija kanisani tunamkaribisha kwenye kwaya, na sauti yake ikiwa mbaya tunamhurumia.

Kisa cha Matendo 6 nacho tumekizoea vibaya. Kinahubiriwa kana kwamba mitume walikataa kazi ndogo ya mezani wakawaachia wadogo zao. Soma tena kilichotokea. Kanisa lilikuwa linapasuka. Wayahudi wa Kiyunani, yaani wanaosema Kiyunani, walikuwa wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, wakiwalaumu Waebrania. Ni ugomvi wa chakula, lugha na asili, aina ya ugomvi tunaoujua sana sisi. Mitume hawakuitisha semina. Waliwaambia watu wachague saba "walioshuhudiwa kuwa wema". Waliowashuhudia ni watu waliokuwa wakiishi nao na kuwaona kila siku. Na waliochaguliwa, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Nikolao wa Antiokia, wote wana majina ya Kiyunani. Yaani waliolalamika walipewa watu ambao wao wenyewe wangeweza kuwaamini. Huo ni utawala wa hali ya juu, na mstari unaofuata mara unasema neno la Mungu likaenea. Yatima na mjane wakishiba sawasawa, mahubiri nayo yanapata masikio.

Sasa tuje nyumbani.

Baada ya ibada, kwenye sharika nyingi, tunasimama nje kwa mnada wa sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Kuna watu wamezaliwa kunadi. Mnadishaji wa kweli anaijua familia iliyoleta ule mkungu, anajua nani kapokea mshahara wiki hii, anajua nani asiguswe leo maana katoka kuuguza. Atamuuza jogoo yuleyule mara tatu, kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha mezani anadiwe tena, na wa mwisho anaagiza apelekewe bibi ambaye hana uwezo wa kunyanyua mkono kwenye mnada. Watu wanacheka, mfuko wa kanisa unajaa, bibi anapata kitoweo, na hakuna aliyeaibishwa. Nionyeshe semina inayofundisha hayo. Lakini muulize huyo mnadishaji karama yake ni nini, atakujibu, "Mimi sina, nachangamsha tu."

Au msibani. Kuna mama ambaye akishapigiwa simu ya msiba, kabla mchungaji hajafika yeye ameshajua sufuria zitatoka wapi, maji yatachotwa na nani, kuni zipo au hazipo, wageni wa mbali watalala kwa nani. Kuna mwenye daftari la michango: mwandiko unasomeka, hesabu haipungui hata mia, na wafiwa wanakabidhiwa kilichobaki kabla turubai halijashushwa. Na kuna yule wa nadra kabisa, anayerudi kwa mjane baada ya arobaini, watu wameshatawanyika, simu zimekatika, watoto wamerudi shule na ada hazijalipwa. Anakaa. Wala haleti mstari wa Biblia, analeta sukari na muda wake. Paulo alishaandika kwamba mwenye kurehemu na arehemu kwa furaha, nami naamini alikuwa anamfikiria mtu wa namna hii.

Hawa hawamo kwenye ratiba ya ibada. Hakuna Jumapili yao. Usharika utachangia kinanda na spika mpya kwa harambee moja na chenji ikabaki, halafu mama wa msibani anazunguka mtaa mzima akiazima masufuria. Siwasemi wanakwaya, nami najua uimbaji unaponya watu. Nasema tu kwamba tumezoea kuita karama kile kinachosimama mbele na kupigiwa makofi, na watoto wetu wanajifunza kwamba asiye na kipaza sauti hana alichopewa.

Hapa lazima nitenge mambo mawili yanayofanana: kushangiliwa na kusaidia. Nikisema waulize wengine, sina maana ya kuhesabu makofi. Makofi hupigwa hata pale ambapo hakuna aliyepona. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walipoteza maisha wakisukumana kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuja wakiwa na shida za kweli, magonjwa, madeni, ndoa zinazoyumba. Siandiki haya kuwacheka marehemu wala waliofiwa. Ninaona tu mahali ambapo imani kuhusu karama inatufikisha tukishaamini kwamba nguvu za Mungu zimelundikwa kwa mtu mmoja jukwaani, nasi wengine kazi yetu ni kupanga foleni. Petro aliandika kinyume kabisa: "kila mmoja kwa kadiri alivyoipokea karama, itumieni kwa kuhudumiana". Kila mmoja, na kwa kuhudumiana. Foleni haimo.

Moshi hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1960 Billy Graham, mhubiri wa Marekani, alihubiri pale mbele ya umati mkubwa, na aliyesimama pembeni yake akifasiri kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, Mganda, mtu wa Uamsho, lile vuguvugu la kiroho la Afrika Mashariki, aliyekuwa amefundisha shule Dodoma kwa miaka kadhaa. Baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, akakimbia nchi. Wengi wanamkumbuka kwa uaskofu huo na kwa mahubiri yake. Mimi namkumbuka kwanza kama mkalimani, mtu aliyekubali kutamka maneno ya mwingine, sentensi baada ya sentensi, ili mkulima wa Kilimanjaro aelewe. Je, ni wangapi leo wanaofasiri ibada kwa lugha ya alama? Kwenye sharika nyingi viziwi wanakaa nyuma, wanainuka tukiinuka, wanakaa tukikaa. Hapo pana pengo lenye ukubwa wa karama nzima. Pengine aliyepewa kulijaza yupo kwenye kwaya ya vijana, wa tatu kutoka mwisho, anajiona hana kazi.

Kuna kundi jingine tunalolipoteza, nalo ni la wenye taaluma. Mhasibu akija kanisani tunamwomba ahadi, yaani fedha atakayoahidi kutoa kwa mwaka. Nesi tunamwomba ahadi. Fundi umeme tunamwomba ahadi, kisha tunaajiri fundi mwingine kutoka nje avute nyaya za jengo jipya. Mfanyabiashara ndiye hafichiki, yeye ni mgeni rasmi wa harambee daima. Hakuna anayemuuliza kama angeweza kukaa na vijana kumi wenye vibanda na kuwafundisha kutenganisha fedha ya mtaji na fedha ya kula. Pesa yake tunaitaka, akili iliyoizalisha hatuna haja nayo. Nesi mmoja akipima presha za wazee mara moja kwa mwezi baada ya ibada, kwa kipimo cha kawaida tu, ataokoa watu ambao maombi ya saa tatu yamewapita.

Lakini nisije nikatoa ruhusa ya kunyonyana. Hili linanikera na sitalipita haraka. Nimewaona mafundi cherehani wakiletewa vitambaa vya sare za kwaya na kuambiwa, "Dada, hii ni huduma." Sare arobaini, bila malipo, wateja wa dukani wakisubiri, kodi ya fremu ikidaiwa. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Akilalamika anaambiwa karama ni ya bure, tulipewa bure tutoe bure. Ajabu ni kwamba mpiga kinanda analipwa, mwenye kukodisha maturubai analipwa, mhubiri mgeni anapewa bahasha na nauli. Bure ni ya fundi cherehani peke yake. Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Karama ikitumika kumfilisi aliyeipewa, waliomzunguka ndio wenye hesabu ya kujibu. Mwache achague mwenyewe sehemu ya kutoa na sehemu ya kulipwa, na mkimlipa mlipeni kwa wakati.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa kwa vijana: tukisubiri wengine watuambie, si tutazeeka tumekaa kwenye benchi? Sijasema msubiri. Nasema shikeni kazi yoyote iliyo wazi, hata ile msiyoipenda, na muishike muda wa kutosha ili watu waone kinachotokea. Fundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miezi michache. Watoto hawajui unafiki. Ukiwachosha watakwambia kwa miguu yao, na ukiwafaa watakuletea wenzao. Panga viti. Tembelea wagonjwa na mzee wa kanisa. Kuna kazi itakuchosha mpaka mifupani, na kuna nyingine utaimaliza ukiwa na nguvu kuliko ulivyoianza, na wakati huohuo mtu mwingine atakuja kuulizia kama utarudi wiki ijayo. Hilo la kuulizwa kama utarudi mimi naliamini kuliko alama zote za fomu.

Viongozi nao wana sehemu yao, kwa sababu mshiriki anayesaidika mara nyingi hasemi. Anashukuru kimyakimya, yanaishia hapo. Ndiyo maana kwenye jumuiya yetu nilipendekeza tuiache fomu pembeni na tuulizane swali moja tu: mwaka huu ni nani alikusaidia hapa, na alifanya nini hasa? Si "nani ana karama", maana hapo watu wangetaja mchungaji na mwenyekiti wa kwaya kwa adabu.

Majibu yalitushangaza. Waimbaji wetu mahiri walitajwa kidogo. Aliyetajwa kuliko wote ni kijana wa bodaboda ambaye hata kipaimara alikipata kwa kuchelewa. Kumbe ndiye anayewapeleka wazee wawili kliniki na kuwasubiri nje mpaka watoke, na nauli anawatoza ya kwenda tu. Mwenyewe alipoitwa mbele alidhani kuna mashitaka. Sasa wazee wa kanisa wanajadili kama awekwe kwenye kamati ya diakonia, ile ya huduma kwa wahitaji, ingawa hajamaliza ahadi yake ya mwaka jana, na kama petroli ya siku za kliniki ilipwe na usharika. Mimi nimeshapiga kura yangu: awekwe, na petroli ilipwe.